Ankara ya Ndege Isiyo Yetu

Saa tano na dakika nane mnara ukanipigia:
"Rudi mezani. Kuna ndege inakuja, si yetu."
Ilitoka Dar, ilikuwa ya Entebbe,
na mimi nilikwisha vua viatu.

Taa za njia zikawashwa. Wadudu wa ziwani
wakazivamia kama ugoro uliopeperushwa,
ikatua katikati yao, nzito, imenuna,
ikasimama mbali na jengo kama mgeni asiyeitwa.

Wakamshusha kwanza yeye. Kiti cha kumi na nne,
shati limetoka kiunoni, kiatu kimoja,
anaimba. Naapa, anaimba.
Alikuwa amemchana shavu kijana wa vinywaji kwa pete
kwa sababu aliambiwa chupa ya tatu haipo.
Polisi wakampa benchi, wakampa na blanketi.
Alilala kabla sisi hatujapata ngazi.

Kazi yangu ni kuandika.
Nikaandika: kutua. Kuegesha. Ngazi.
Mafuta, lita elfu tatu na mia mbili.
Maji ya kunywa, katoni kumi na moja.
Marubani saa zao zimekwisha, lazima walale:
vyumba viwili Kirumba, na gari la kuwapeleka.
Ankara haina haya, inapokea chochote
ilimradi kina namba.

Malimi hana namba.
Zamu yake iliisha saa nne, alikuwa getini na baiskeli;
akaitwa arudi na ndoo, asugue matapishi na damu
safu ya kumi hadi ya kumi na sita.
Fomu yake ya saa za ziada ilirudi Jumatatu
imeandikwa kwa wino mwekundu: nani alikutuma?

Bhoke, tusimsahau, yeye alipata.
Mlinzi alimpigia simu, akaja na beseni la maandazi
na birika tatu za chai, akauza kwa bei ya harusi.
Nami pia nilipata: posho ya usiku, elfu kumi na tano.
Nilinunua sato. Alikuwa mtamu. Siwezi kukana.

Alfajiri, mawe ya Bwiru yalipoanza kuwa na sura,
mama mmoja akanijia kaunta, miguu imevimba.
Kokushubira. Anakwenda Masaka kumzika dada yake;
maziko ni saa nne asubuhi, hawatangoja zaidi,
wamekwisha kungoja siku mbili.
Ndege ingeondoka saa sita.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Wewe ndiye unayeandika deni?"
Nikasema ndiye.
"Basi niandike."

Saa mbili yule wa kumi na nne akaamka,
mpole kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Akaomba maji. Akaomba radhi kwa polisi,
kwa mlinzi, nusura aliombe radhi na benchi.
Akatoa pochi: "Dada, ni shilingi ngapi?"
Nikamwonyesha jumla.
Akacheka kidogo, akaifunga.

Tangu hapo karatasi inasafiri kuliko abiria.
Shirika linasema: mdaini mlevi.
Mlevi, kwa kinywa cha wakili, anasema: chupa mbili waliniuzia wao.
Bima inasema: someni kifungu cha tisa.
Tiketi ya Entebbe imepanda elfu ishirini na mbili,
na anayeinunua leo hajui
anachangia ugomvi gani.

Juzi imerudi tena mezani kwangu,
kona zimechakaa, mihuri mitano.
Mhasibu wa Dar amezungushia mstari wa mwisho,
ule wa chini ya jumla, wenye mwandiko wangu:
Udongo wa kaburi, kiganja kimoja, Masaka.
Kando yake ameweka alama ya kuuliza
na neno moja: bei?